Sado Mbili za Mkaa

Vuli iliyopita nilinunua sado mbili za mkaa kwa wauzaji wawili ambao vijiwe vyao vinatazamana, jirani na stendi ya mabasi ya Bweri, mkoani Mara. Bei ilikuwa moja. Ndoo zilikuwa za aina moja, zile za rangi za lita nne, na kila muuzaji aliniongezea kilemba juu kama ilivyo ada. Nilipofika kibandani nikamimina kila sado kwenye mfuko wake na kuutundika mfuko kwenye mizani ninayopimia samaki. Wa kwanza ulisoma gramu 1,200. Wa pili ulisoma 800.

Hakuna aliyenipunja. Wote wawili walijaza ndoo mbele ya macho yangu. Tofauti ilikuwa kwenye mti: mmoja alikuwa na mkaa wa mgunga, mwenzake alikuwa na wa mwembe. Lakini fedha niliyotoa ni ileile, na kwa mtu anayewasha moto siku sita kwa wiki, gramu 400 katika kila sado ni madaftari ya watoto na kodi ya kibanda.

Mimi nachoma sato na kubanika sangara hapa Bweri, kazi niliyoipokea kwa mama yangu. Mabasi ya Mwanza, Tarime, Sirari na Mugumu yote huingia hapa, kwa hiyo wateja wangu wengi ni watu wenye haraka, wanaotaka samaki aliyeiva na wa kubeba safarini. Samaki nawafuata alfajiri Mwigobero, kando ya ziwa. Bei yao hupangwa na ziwa: upepo ukiwa mkali, mitumbwi ikirudi mitupu, hakuna maneno matamu yatakayoishusha. Kwenye mkaa ndipo ninapoweza kubakiza kitu, na imenichukua miaka mingi kujua namna.

Siri yenyewe ni hii: mkaa tunaununua kwa ujazo, lakini moto uko kwenye uzito.

Mkaa ni kuni zilizoungua bila hewa ya kutosha. Mchomaji hupanga magogo, huyafunika nyasi na udongo, huwasha na kuacha matundu madogo. Ndani ya lile tanuri maji hutoka kwanza, halafu gesi na lami hutoka pamoja na ule moshi mzito unaoonekana kwa mbali porini. Kinachobaki, kwa sehemu kubwa, ni kaboni. Ndiyo maana kilo moja ya mkaa mkavu ulioiva, uwe wa mti gani, hutoa joto linalokaribiana sana na la kilo nyingine yoyote: megajuli 28 hadi 30, karibu mara mbili ya kilo ya kuni kavu. Mgunga haupiti mwembe kwa joto la kilo. Unaupita kwa kuwa nyuzi zake zimebanana, na kilo nyingi zaidi zinaenea katika ndoo ileile. Anayepimiwa kwa sado au debe, kisha akachagua mkaa kwa ukubwa wa vipande, anaweza kurudi nyumbani na ndoo iliyojaa hewa.

Kwa hiyo nilinunua mizani ndogo ya kuning'iniza, na sasa naibeba kwenye kikapu. Mwanzoni niliona haya. Muuzaji mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, alipoiona aliniuliza, "Mwanangu, umekuja kununua dhahabu?" Nikamwambia, "Hapana baba, nimekuja kununua moto." Tangu siku hiyo yeye mwenyewe hunitengea gunia zito likifika.

Usipokuwa na mizani, tumia mkono na sikio. Shika kipande kilicholingana na kiganja. Mkaa wa mgunga au mkwaju utausikia uzito wake, wa mwembe unakaa mkononi kama gunzi la hindi. Kisha gonganisha vipande viwili. Mkaa mgumu ulioiva unalia, sauti nyembamba kama ya vigae. Mkaa mwepesi au mbichi unatoa sauti ya kufa, kama kugonga gome la mti. Wajapani wana mkaa wao maarufu, binchotan, unaochomwa kwa mti wa jamii ya mwaloni, na watu huutambua kwa mlio wake unaokaribia wa chuma. Wachoma samaki na kuku wa kule huutafuta kwa sababu ileile inayonipeleka mimi kwenye mgunga: unadumu, na joto lake halipandi na kushuka ovyo.

Vunja kipande kimoja pia. Ndani kiwe cheusi kinachong'aa. Ukikuta moyo wa kahawia, hicho ni kisinga, kuni ambayo tanuri halikuimaliza. Kisinga kina uzito mzuri, kwa hiyo kinaweza kudanganya mizani. Mwaka wangu wa pili wa biashara nilinunua gunia lililojaa visinga upande wa chini nikabanikia sangara wa siku nzima. Lami iliyokuwa bado ndani ya kuni ikatoka na moshi mzito, ikaganda kwenye ngozi ya samaki. Walikuwa weusi na wachungu. Nilirudisha fedha za watu watatu, na samaki waliobaki sikuthubutu kumpa mtu.

Maji nayo hudanganya mizani. Wakati wa masika na vuli magunia mengi hufika yamenyeshewa njiani. Mkaa wenye maji ni baridi ukiushika, na ukiutia motoni unadata na kurusha cheche. Ukiwa huna namna, ununue kwa bei pungufu, uuanike juani siku mbili kabla ya kuutumia. Mwenye uwezo anunue magunia mawili matatu kati ya Juni na Septemba, barabara zikiwa kavu na mkaa mwingi, ayaweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Na gunia lolote, hata la rafiki yako, omba limwagwe. Vipande vikubwa vinavyochungulia juu havikuelezi habari za chini, ambako mara nyingi kuna chenga, mawe na udongo wa tanuri.

Sizidharau chenga, nitazirudia. Kabla ya hapo niseme jambo ambalo wengi wanaoanza kubanika samaki hawalijui: mkaa mzuri hauna moshi. Moshi wake ulibaki porini kwenye tanuri. Anayetegemea mkaa peke yake kumpa samaki ile harufu na rangi ya dhahabu anachoma mkaa mwingi bure. Mkaa ni wa kuivisha na kukausha. Harufu inatoka kwenye kuni, tena kidogo tu.

Utaalamu huu umefanyiwa kazi kwa uzito hata nje ya nchi. Kule Senegali, kituo cha mafunzo ya uvuvi cha Thiaroye pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, walibuni tanuri la kubanikia samaki linaloitwa FTT. Ndani yake samaki huiva kwanza kwa joto la mkaa, mafuta yanayodondoka yakikingwa yasifike motoni, kisha ndipo moshi huletwa kutoka pembeni. Lengo lake ni kupunguza kemikali hatari ambazo huzaliwa mafuta yanapoangukia makaa na kurudi kwa samaki kama moshi. Kwa sangara, mwenye mafuta mengi kuliko sato, hilo ni jambo kubwa. Mimi sina FTT. Nina pipa lililokatwa, kichanja cha nondo na sinia kuukuu la bati ninaloliweka katikati ya moto na samaki. Sinia linakinga mafuta, na moshi mchungu umepungua sana.

Nafanya hivi. Samaki nampasua, namwosha, namlaza kwenye maji ya chumvi, kisha namtundika mpaka ngozi ikauke na kunata kidogo kidoleni. Ngozi yenye maji haipokei moshi vizuri. Natandaza makaa machache yaliyokwisha kuvaa jivu jeupe, naweka sinia, kisha samaki. Akishaiva na kuanza kukauka ndipo natupia pembeni ya makaa vijiti viwili vitatu vya mpera au mwembe, vikavu, vyenye unene wa kidole, na kufunika kwa bati. Mwembe ambao mkaa wake siutaki, kuni zake kwa moshi nazipenda. Msonobari usiutumie, utomvu wake unaacha masizi na uchungu. Mkaratusi unampa samaki harufu ya dawa ya kifua. Mnyaa usiusogeze kabisa karibu na chakula, maziwa yake ni sumu kwa macho na ngozi. Mbao za ujenzi zilizopakwa rangi au dawa nazo ziache.

Kwenye kuchoma sato wa kuliwa hapohapo, hesabu ni nyingine. Hapo unataka joto kali kwa muda mfupi, na mkaa mgumu ndio wake. Lakini nimeona vijana wakijaza jiko mpaka juu na kuanza kuchoma moto ukiwa bado unaruka. Samaki anaungua nje, ndani ana damu, na nusu ya mkaa inateketea baada ya mteja kuondoka. Subiri jivu jeupe. Lundika makaa upande mmoja, uache upande mwingine mtupu; samaki aive kwenye joto, amalizie pembeni. Hapa Bweri upepo wa ziwa huanza kuvuma mchana, na upepo unakula mkaa kuliko mteja anavyokula samaki. Kipande cha bati upande unakotoka upepo kimenisaidia kuliko kubadilisha jiko. Jioni makaa yaliyobaki nayatia kwenye kopo la bati lenye mfuniko, nalifunika barabara mpaka yafe kwa kukosa hewa. Kesho yake ndiyo ya kuwashia, yanashika haraka. Mafuta ya taa na mifuko ya plastiki havina kazi kwenye moto wa chakula.

Sasa zile chenga. Kila gunia huacha ndoo kadhaa za chenga na vumbi, na zamani nilizimwaga mtaroni. Siku hizi nazichekecha, nachanganya na uji mzito wa unga wa muhogo, naufinyanga mchanganyiko kwa kopo na kuanika siku tatu au nne za jua. Muhogo hauadimiki Mara, na hata unga ulioharibika kwa chakula unafaa. Wengine hutia udongo wa mfinyanzi badala ya muhogo. Unashika, ila ukizidi unapata majivu mengi na joto dogo. Mkaa huu wa kufinyanga unachelewa kushika na hauna joto la ghafla. Kwa kuchoma sato haufai. Kwa kubanika sangara saa nne au tano, kwa moto mdogo usiobadilika, sijaona unaouzidi, tena malighafi yake nilikuwa naitupa. Upande wa Bunda kuna mabua ya pamba, na kila nyumba ina magunzi ya mahindi. Yakichomwa yawe mkaa kwanza, nayo yanafinyangwa vilevile.

Nina sababu nyingine ya kutopoteza mkaa. Tanuri la udongo la kawaida hutoa kilo moja hadi mbili tu za mkaa kwa kila kilo kumi za kuni. Ile sado yangu ya gramu 1,200 ilikuwa kilo sita za mgunga au zaidi, pengine kumi na mbili. Nikiimwaga kwenye moto usio na samaki, nimemwaga mti. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Nyumbani chai, maharage na ugali napikia gesi. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, linatengeneza mkaa mbadala wa makaa ya mawe uitwao Rafiki, nao una kazi yake kwenye masufuria makubwa; ila samaki anayelala wazi juu ya moto, mimi bado namlaza juu ya mkaa wa mti. Na kwa sababu bado nautumia, nanunua kwa muuzaji ambaye mzigo wake umelipiwa ushuru wa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, hata kama wa magendo wa usiku unapungua bei kidogo.

Na kama una jiko la mkaa nyumbani, tafadhali usilale nalo chumbani, wala usiliingize humo hata kwa dakika chache za kukausha nguo za mtoto wakati wa mvua. Makaa yanayoonekana yametulia, bila moshi wowote, yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini. Liache nje, uwani, mpaka makaa yote yawe majivu.