Jiwe la Chini Liguse Kioo

Mfugaji wa samaki wa mapambo aliyeko Kipushi, mji wa mgodi, yuko mbali na bahari na miamba yake ya matumbawe, lakini Ziwa Tanganyika lina samaki waitwao siklidi wa aina zaidi ya 200, wengi wao wasiopatikana popote pengine, na sehemu kubwa yao ni viumbe wa mawe. Julidochromis hutaga ndani ya nyufa, na Tropheus hushinda wakikwangua mwani juu ya miamba. Akwariamu yao bila mawe ni mateso, kwa kuwa mnyonge hana pa kukimbilia anapofukuzwa na mbabe. Tatizo ni namna ya kuyakalisha. Wengi humwaga mchanga kwanza, kisha wakapanga mawe juu yake. Nasema tufanye kinyume: jiwe la chini liguse sakafu ya kioo, au plastiki nyembamba iliyotandikwa juu yake, na mchanga umwagwe mwishoni, kuzunguka mawe.

Sababu ya kwanza ni samaki wenyewe. Siklidi wengi huchimba: huchota mchanga kwa mdomo na kwenda kuutema pembeni, hadi jiwe libaki limeegemea ncha moja. Sababu ya pili haionekani kwa macho. Jiwe la chokaa la kilo 10 likizama lina uzito wa kilo 6 na kidogo tu, maana maji hulibeba. Siku ya kubadilisha maji, kina kikishuka, mawe ya juu hurudiwa na uzito wake wote, na rundo lililoonekana imara miezi mingi huteleza wakati huo huo mkono wako ukiwa ndani.

Wapo watakaosema mchanga ni godoro la kioo, na kwamba ncha ya jiwe ikigusa kioo itakipasua. Hofu ya ncha ni ya kweli, ila mchanga hauiondoi. Ukishachimbwa, ncha ni ile ile, tena sasa imeangukia kioo. Dawa ni kuchagua jiwe la chini lenye tako pana. Wengine hutegemea gundi ya silikoni. Inasaidia, mradi iwe isiyo na dawa ya kuua ukungu, mawe yawe makavu, na iachwe ikauke kabisa kabla ya maji. Lakini haifai kushikilia kile ambacho uzito wenyewe unakivuta chini.

Kuhusu mawe yenyewe, pingamizi zito zaidi ni la hapa hapa: kwa nini tutafute mawe mbali, ilhali Kipushi imejaa mawe mazuri? Kwa sababu mgodi wa hapa, ulioanza 1924, ukasimama 1993 na kurudi kuzalisha 2024, umetoa zinki, shaba na risasi. Shaba iliyoyeyuka, hata kidogo sana, huua konokono na kamba, na huwadhuru samaki. Kwa anayefuga matumbawe ya maji chumvi ni sumu kali zaidi. Jiwe lenye mishipa ya kijani au mng'ao wa dhahabu liache, hata likipendeza vipi. Kipimo kinachosifiwa, cha kudondoshea siki na kuangalia povu, hakikuokoi: povu linaonyesha kabonati tu, na malakiti, yale madini ya kijani ya shaba, nayo ni kabonati. Chukua jiwe la chokaa ambalo unajua lilikotoka, mbali na mgodi na lundo la mabaki yake. Chokaa yake haiwasumbui siklidi hawa, kwani maji ya Tanganyika yenyewe yana alkali.

Ukipanga upya akwariamu yenye samaki, wahamishie kwanza kwenye ndoo ya maji yao wenyewe, toa mawe kuanzia juu, sogeza mchanga hadi kioo kionekane. Kabla ya kuongeza jiwe la pili, lisukume la kwanza kwa kidole kutoka pande zote. Likitikisika, ligeuze upande mwingine; usilitegemeze kwa kijiwe kidogo, maana samaki watakitoa.