Nani Amdhamini Mkulima wa Chai?

Litein, Kapkatet, Mogogosiek: huku nyumba hujengwa kwa bonasi ya chai. Ya mwaka huu hununua mabati, ya mwaka ujao saruji ya sakafu, madirisha yakingoja zamu yao. Bonasi ikishuka, kama ilivyoshuka 2025 hadi wakulima wa Kericho na Bomet wakaandamana, fundi hufunga vifaa vyake na kwenda zake.

Si kwamba serikali imekaa kimya kuhusu mikopo ya nyumba. Mwaka 2018 iliasisi KMRC (Kenya Mortgage Refinance Company), kampuni iliyopata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020. Haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Huzipa benki na Sacco pesa za muda mrefu kwa bei nafuu, ili mkopaji atozwe riba isiyofika asilimia 10. Miongoni mwa wenyehisa wake ni Imarisha, Sacco ya hapa Kericho iliyoanzishwa na walimu. Hata hivyo, kufikia mwisho wa 2023 Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu.

Kupunguza riba ni jambo moja, kubeba hatari ya mkopaji ni jingine. Marekani, shirika la serikali liitwalo FHA limekuwa likiiwekea bima mikopo ya nyumba tangu 1934: mkopaji akishindwa, benki hulipwa. Hata anayenunua nyumba kuukuu huweza kuunganisha bei na gharama ya ukarabati katika mkopo mmoja, na pesa za fundi hutolewa kadiri kazi inavyoendelea.

Kwetu bima hiyo ni majirani. Mwanachama wa Sacco hutafuta wadhamini, na akikwama, akiba zao ndizo zinazokatwa. Mwalimu ana hati ya mshahara, hapati shida sana. Mkulima ana majani chai na hatimiliki ambayo mara nyingi bado ina jina la babu. Kabla ya kuiweka rehani lazima kesi ya urithi iishe mahakamani, mke au mume akubali, na bodi ya ardhi itoe idhini. Wengi huchoka njiani.

Naamini serikali ingeanza na bima ya mikopo midogo ya ukarabati: paa, sakafu, tangi la maji. Marejesho yakatwe kidogo kila mwezi na zaidi wakati wa bonasi. Njia ya kukata ipo: mbolea ya KTDA, shirika linalosimamia chai ya wakulima wadogo, hulipwa vivyo hivyo, kutoka kwenye malipo ya majani.