Misuli ya Mgongo na Kiwiliwili: Kazi Zake na Majina Yake

Neno mshipa limetwishwa kazi nyingi mno katika lugha yetu. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni uzi wa fahamu. Wengine huita mshipa ule ukano uunganishao nyama na mfupa. Na mzee wa pwani akisema kuwa ana mshipa, aghalabu maana yake ni ngiri. Basi mtu aliyeumia kwa kuinua mzigo akimwambia tabibu, "Mshipa wa kiuno umenishika," tabibu hana budi kuuliza maswali mengi kabla hajajua ni kitu gani kimeshika. Asiyeuliza aweza kutibu kisichouma. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi misuli ya mgongo na kiwiliwili ilivyopangwa, na kuonyesha kwamba aliyekwisha kuielewa kazi ya msuli amekwisha kupata nusu ya jina lake.

Tuanze na mifupa, kwa kuwa huko lugha haikupungukiwa. Uti wa mgongo una pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua zishikanazo na jozi 12 za mbavu, 5 za kiuno, 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na kwa kawaida 4 ndogo za mwisho. Neno pingili tumelitwaa katika muwa na mwanzi, nalo linafaa sana. Lakini pingili zilizopangwa moja juu ya moja haziwezi kusimama peke yake, kama vile mlingoti wa jahazi usivyoweza kuikabili pepo pasipo kamba za kuushika kila upande. Kamba za mlingoti wetu ndizo misuli.

Misuli ya mgongo ina matabaka matatu. Katika tabaka la nje mna msuli mpana uanziao kisogoni, ushukao mpaka pingili ya mwisho ya kifua na kuenea hadi mabegani. Chini yake kuna mwingine mpana zaidi, utokao sehemu ya chini ya mgongo na nyonga ukaenda kujishikiza katika mfupa wa mkono, karibu na bega. Huu ndio uvutao mkono chini na nyuma. Mpiga kasia na mkwezi wa minazi huutumia kila siku. Tabaka la kati ni misuli myembamba ishikanayo na mbavu. Tabaka la ndani ndilo lenye misuli ya mgongo hasa.

Tofauti hii si ya kubuni, kwani inathibitishwa na neva. Misuli ya tabaka la nje, ingawa imelala mgongoni, kazi yake ni kuendesha bega na mkono, nayo hupata neva zake kutoka matawi ya mbele ya neva za uti. Na ule wa kisogoni na mabegani huendeshwa na neva itokayo kichwani. Tabaka la kati nalo hutegemea matawi ya mbele. Misuli ya ndani peke yake ndiyo ipatayo neva kutoka matawi ya nyuma. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba ile ya nje ni wageni waliohamia mgongoni, na ile ya ndani ndiyo wenyeji.

Mkubwa wa wenyeji hao umegawanyika katika safu tatu kila upande wa uti, nazo hupanda kutoka nyongani kuelekea shingoni na kichwani. Muuza nyama aifahamu vema nyama ya mahali hapo katika ng'ombe, naye huiita sarara. Hivyo jikoni pana neno, na hospitalini tunatafuta. Kazi ya msuli huu ni kuunyoosha mgongo, na pia kuuzuia usianguke tunapoinama. Walakini mtu akiinama mpaka mwisho, msuli huu karibu hunyamaza kabisa, na uzito huachiwa mishikizo ya mifupa. Hapo ndipo hatari ilipo kwa mtu anyakuaye mzigo ghafula.

Hesabu fupi itatuonyesha ukubwa wa kazi yake. Tuseme mtu ameshika debe la maji lenye uzito wa kilo 20, umbali wa sentimita 50 mbele ya uti wake. Msuli unyooshao mgongo uko nyuma ya uti kwa kadiri ya sentimita 5 tu. Kwa kuwa mzigo uko mbali mara kumi kuliko msuli, msuli hauna budi kuvuta kwa nguvu ya kilo 200, licha ya uzito wa kiwiliwili chenyewe. Debe likisogezwa mpaka sentimita 25, nguvu hiyo hupungua kuwa kilo 100. Likitwikwa kichwani, uzito hushuka karibu na mstari wa uti wenyewe.

Upande wa mbele, tumbo halina mifupa ya kulizunguka, bali limesukwa kama mkeka. Msuli wa nje ubavuni una nyuzi zishukazo kuelekea mbele. Wa pili chini yake una nyuzi zipandazo kuelekea mbele. Wa tatu umezunguka kama mshipi. Na katikati, kila upande wa kitovu, msuli mmoja umesimama wima kutoka kinena hadi mbavu. Juu ya yote hayo, kati ya tumbo na kifua, kuna kiwambo, ambacho hushuka tuvutapo pumzi.

Neno kiwambo lastahili kuangaliwa. Ngozi ya ngoma huwambwa. Kutokana na wamba tumepata kiwambo, kama tulivyopata kifuniko kutokana na funika, na kizibo kutokana na ziba. Kwa mtindo uo huo, msuli unyooshao mgongo waweza kuitwa kinyoosho cha mgongo, na ile midogo izungushayo pingili, vizungusho. Ile isiyotajwa kwa kazi itajwe kwa umbo au mahali: mpana wa mgongo, wima wa tumbo, mshazari wa nje na mshazari wa ndani.

Wataalamu wa Ulaya hawakufanya zaidi ya hayo. Majina ya Kilatini waliyoyapatanisha huko Basel mwaka 1895, yakarekebishwa Paris mwaka 1955 na kutolewa upya mwaka 1998, mengi maana yake ni hiyo hiyo: "mpana kupita yote", "ulionyooka", "wa kukingama". Hata neno lao la msuli, "musculus", maana yake ni panya mdogo.

Shauri langu ni hili: mshipa ubaki kuwa njia ya damu, neva iwe uzi wa fahamu, ukano uwe kiungo cha nyama na mfupa, na msuli uwe nyama iendeshayo mwili, ijapokuwa neno hilo pia ni jina la shuka ya kiunoni. Mzee tusimkataze kusema mshipa, maana hiyo ni lugha yake, bali mganga na mwuguzi wafundishwe kumwuliza, "Mshipa wa damu, mzee, au msuli?" na kumwonyesha kwa kidole.