Mikono Mikavu na Vidole Vinavyochanika

Kiganja cha mkono hakina tezi za mafuta. Sehemu nyingi za mwili zina vinyweleo, na penye kinyweleo pana tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Viganja na nyayo vimenyimwa vyote viwili. Ngozi ya hapo ni nene, lakini kinga yake ni mafuta machache yaliyo katikati ya seli za tabaka la juu kabisa. Seli hizo zilizokufa zimepangika kama matofali, na mafuta hayo ndiyo udongo unaoyashikanisha. Udongo ukitoka, maji yaliyo ndani ya ngozi hupotea hewani, ngozi hukakamaa, na inapokunjwa kwenye viungo au pembeni mwa ukucha wa kidole gumba, huchanika.

Watu wengi huilaumu baridi, na kweli wakazi wa Njombe, Makete au Limuru hupauka mikono kuanzia Juni hadi Agosti. Lakini mama lishe wa Dar es Salaam huchanika vidole hata wakati wa joto kali, kwa sababu adui mkubwa ni maji na sabuni. Sabuni ya mche ina pH ya 9 hadi 10, ilhali ngozi yenye afya iko karibu na 5. Kila mkono unaporudi kwenye beseni, mafuta kidogo huondoka, na ngozi huhitaji saa kadhaa kuyarudisha. Anayefua tangu asubuhi hadi adhuhuri haipi nafasi hiyo. Sabuni ya unga na dawa ya kung'arisha nguo huzidisha madhara, na vifundo vya vidole vinavyosugua kola za mashati ndivyo hutangulia kuchubuka.

Mafundi uashi wana shida yao. Saruji mbichi ina pH ya 12 hadi 13, kiasi cha kuunguza ngozi taratibu bila fundi kuhisi. Zaidi ya hapo, saruji ina chembechembe za kromiamu zinazoweza kuleta mzio, na mzio huo ukishaingia huweza kudumu miaka mingi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha miligramu 2 za kromiamu ya aina hiyo kwa kila kilo ya saruji mwaka 2005. Anayeshika zege kwa mikono mitupu anastahili glavu za mpira, na glavu zilizolowa ndani zivuliwe mara moja, kwani hubana saruji kwenye ngozi.

Kinga ya kila siku si ya gharama. Maji ya baridi au ya uvuguvugu yanafaa kuliko ya moto. Pete ivuliwe kabla ya kufua, maana sabuni hujificha chini yake. Mikono ikishasuuzwa ikaushwe kwa kugusishwa kitambaa, hasa katikati ya vidole, kisha ipakwe mafuta papo hapo, ingali na unyevu. Mafuta ya mgando, ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, hadi leo hayajapata mpinzani wa maana kwa bei yake: hufunika ngozi na kuzuia maji yasitoke. Glisirini huvuta unyevu, na krimu yenye yurea asilimia 10 hulainisha ngozi iliyokuwa ngumu. Losheni zenye manukato mengi ni bora ziachwe, kwani huwasha penye mpasuko.

Mpasuko uliokwisha kutokea hupona upesi ukiwa na unyevu na ukiwa umefunikwa. Usiku mkono uloweshwe dakika chache, ukaushwe, upakwe mafuta ya mgando kwa wingi, kisha plasta ibandikwe juu ya mpasuko au mkono uvishwe soksi safi ya pamba. Kingo ngumu zisikatwe kwa wembe. Mkorogo na krimu kali za steroidi zinazonunuliwa bila ushauri hukondesha ngozi na kuifanya ichanike zaidi. Kiganja kimoja tu kikiwa na magamba, na nyayo zote mbili zikiwa hivyo hivyo, huenda ni fangasi. Muwasho mkali usiku katikati ya vidole huenda ni upele. Yote mawili yana dawa yake, na mafuta pekee hayatoshi.

Mbali na mipasuko ya ukavu, vidole hupata pia majeraha ya kisu, ambayo hutokea sana kwa sababu jikoni wengi hukatia kitunguu au sukumawiki mkononi, kidole gumba kikiwa ndicho kibao. Kibao halisi na kisu chenye makali hupunguza ajali. Kisu butu hulazimisha nguvu na huteleza. Kidole kikikatika, kibanwe kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kufunuafunua, kikiwa juu ya usawa wa moyo. Kisha kioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kipakwe mafuta ya mgando kidogo na kufungwa plasta inayobadilishwa kila siku. Kahawa, majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa huingiza uchafu au kuunguza nyama. Spiriti nayo huchelewesha kupona.

Hospitali haikwepeki ikiwa damu haikatiki, ncha ya kidole imekufa ganzi, au kidole hakikunjiki wala hakinyooki, kwa kuwa huenda kano imekatwa. Jeraha lenye udongo huhitaji chanjo ya pepopunda ikiwa ya mwisho imepita miaka 5. Jeraha safi, miaka 10. Uvimbe wenye usaha pembeni mwa ukucha, ule uitwao mdudu wa kidole, utumbuliwe na mhudumu wa afya, si kwa pini nyumbani. Mwenye kisukari asisubiri hata hapo: kidole chake kikianza tu kuvimba au kupata joto, aende kituoni siku hiyo hiyo.