Vifuniko, madumu na mitutu: takataka zinazotoa ushahidi

Waswahili husema: usitupe mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo humwasa mtu asidharau kikuukuu chake kwa kutamani kipya cha mwenzake. Hata hivyo, vipo vitu ambavyo hakuna amlaumuye mtu kwa kuvitupa: kifuniko cha chupa ya pombe iliyokwisha, dumu la petroli lililochakaa, bunduki iliyoliwa na kutu. Je, ni kwa nini baadhi ya wasanii mashuhuri wa Afrika wameviokota vitu hivyo, ilhali mbao, shaba na udongo wa mfinyanzi vipo?

Jibu linalotolewa upesi ni ufukara, yaani kwamba msanii wa Kiafrika hutumia takataka kwa kukosa fedha za kununua kilicho bora. Msikilizaji, jibu hilo halitoshi. Katika makala haya tunatazama kazi za wasanii watatu, kutoka Ghana, Benin na Msumbiji, ambao kazi zao zimepata kuonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Kila mmoja wao aliiteua takataka yake kwa sababu ilikuwa na jambo la kushuhudia.

Vifuniko vya Nsukka

El Anatsui alizaliwa mwaka 1944 huko Anyako, nchini Ghana, katika ukoo wa wafumaji wa kente, ingawa yeye mwenyewe hakujifunza kufuma. Mwaka 1975 alihamia Nsukka, mashariki mwa Nigeria, akawa mwalimu wa uchongaji wa sanamu katika chuo kikuu cha huko kwa miongo kadhaa. Alichonga mbao, akaunda vyungu vyenye umbo la kuvunjika, akatumia hata mabati ya kukunia mihogo. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, aliokota mfuko uliotupwa ukiwa umejaa vifuniko vya alumini vya chupa za pombe kali.

Kifuniko kimoja hakina thamani yoyote. Lakini kikikatwa, kikapondwa kuwa bapa, kikakunjwa, kikatobolewa pembeni na kushonwa na wenzake kwa waya mwembamba wa shaba, huwa kama uzi katika kitambaa. Wasaidizi wengi huifanya kazi hiyo kwa mikono, na kazi moja huweza kumeza maelfu ya vifuniko. Ukiitazama kwa mbali waona vazi la kifalme lenye rangi ya dhahabu na wekundu. Ukiisogelea, waanza kusoma majina ya pombe.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walizileta katika pwani ya Afrika Magharibi ili wazibadilishe kwa dhahabu na kwa binadamu. Waliochukuliwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki walilimishwa miwa, miwa ikatoa sukari na ramu, na ramu nyingine ikarudishwa Afrika kununulia watu wengine. Ingawa pombe za vifuniko hivyo hutengenezwa siku hizi humo humo Nigeria, Anatsui amekuwa akieleza kwamba kwake kifuniko ni kiungo kati ya mabara hayo matatu.

Mwaka 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024, vitambaa vyake vya chuma vilitundikwa katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London, kimojawapo kikiwa mfano wa tanga jekundu la merikebu. Yafaa kukumbuka kwamba jina la jumba hilo latokana na Henry Tate, tajiri wa karne ya 19 aliyechuma mali yake kwa biashara ya sukari.

Merikebu ya madumu

Ikiwa Anatsui aligusa bidhaa iliyoletwa na merikebu, Romuald Hazoumè wa Benin aliiunda merikebu yenyewe. Msanii huyo, aliyezaliwa Porto-Novo mwaka 1962, anajulikana kwa vinyago vya madumu ya plastiki. Hulikata dumu, mdomo wake ukawa kinywa kilicho wazi, na mkono wake wa kushikia ukawa pua.

Nchini Benin, madumu hayo hutumiwa na vijana wanaosafirisha petroli ya magendo kutoka Nigeria kwa pikipiki. Dumu hupashwa moto litanuke na kubeba mafuta mengi zaidi. Kwa kutanuka, plastiki yake huwa nyembamba, na likipasuka njiani laweza kumuunguza aliyelibeba. Likishachakaa hutupwa.

Kazi yake iitwayo La Bouche du Roi, aliyoitengeneza kati ya 1997 na 2005, ina madumu 304 yaliyopangwa sakafuni kwa kufuata mchoro wa Brookes, meli ya Uingereza iliyosafirisha watumwa. Mchoro huo, uonyeshao watu waliolazwa wakibanana kama mizigo, ulienezwa na wapinzani wa biashara hiyo mwishoni mwa karne ya 18. Miongoni mwa madumu mna chupa za pombe, makaure na bunduki, na sauti husikika zikitaja majina ya watu.

Jumba la Makumbusho la Uingereza liliionyesha kazi hiyo mwaka 2007, ilipotimia miaka 200 tangu Bunge la nchi hiyo kupiga marufuku biashara ya watumwa. Baadaye ilipelekwa miji mingine, ikiwemo Liverpool na Bristol, bandari zilizotajirika kwa biashara hiyo hiyo. Dumu hapa linasema mambo mawili kwa wakati mmoja: binadamu wa jana alitumiwa hadi akaisha, na kijana wa leo juu ya pikipiki yumo hatarini vivyo hivyo. Wala Hazoumè hawasamehi Waafrika wenzake, kwani katika kazi hiyo mtawala wa Kizungu na mfalme wa Kiafrika wote wamewekewa vinyago vyao.

Kiti kisichokalika

Bunduki zilizokuwamo katika shehena ya merikebu hizo hazikukoma kuletwa Afrika karne ya 19. Msumbiji, jirani ya Tanzania upande wa kusini, ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1977 hadi 1992, na hukadiriwa kuwa watu wapatao milioni moja walikufa. Amani ilipofika, silaha zilibaki zimefichwa majumbani na kufukiwa ardhini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, chini ya uongozi wa Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kuwapa wananchi majembe, cherehani, baiskeli na mabati kwa kila atakayesalimisha silaha. Silaha zilikatwakatwa, na baadhi ya vipande wakapewa wasanii.

Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, maarufu kwa jina la Kester, ambaye jamaa zake wawili walipoteza miguu vitani, aliunda mwaka 2001 kiti cha enzi. Waswahili wa pwani wanakijua kiti cha enzi cha mpingo, ambacho huwekewa mgeni wa heshima. Cha Kester hakuna atakayetamani kukikalia. Mgongo wake ni bunduki za Kireno aina ya G3, na sehemu nyingine zilitoka Muungano wa Kisovieti, Poland, Czechoslovakia na Korea Kaskazini. Hakuna hata moja iliyotengenezwa Afrika. Juu ya mgongo, matundu katika vitako vya bunduki yanafanana na nyuso mbili zinazotabasamu, nazo Kester hakuzichonga, bali alizikuta hivyo.

Jumba la Makumbusho la Uingereza lilikinunua kiti hicho mwaka 2002. Tangu 2017 milio ya bunduki imesikika tena kaskazini mwa Msumbiji, katika mkoa wa Cabo Delgado unaopakana na Tanzania, na maelfu ya watu wameuawa. Kiti hicho hakikuizuia vita hiyo, kwani sanaa haina uwezo huo. Lakini swali lililomo katika mitutu yake, la nani aliyeitengeneza na nani aliyeinunua, lingali hai.

Basi, msikilizaji, lau Kester angalichonga kiti cha mpingo, tungalisifu ufundi wake tu. Pombe, plastiki na chuma vilipita mikononi mwa wauzaji na wanunuzi kabla ya kumfikia msanii, na ndiyo maana hakuvificha kwa rangi. Shahidi hateuliwi kwa uzuri wa sura yake. Huteuliwa kwa sababu alikuwapo.