Kupasuka na Kuvunjika: Lugha ya Kutambua Madini ya Miamba

Neno madini, lenye asili ya Kiarabu, limezoeleka kwa maana ya vitu vya thamani vichimbwavyo ardhini, kama vile dhahabu, shaba na almasi. Mazoea hayo humtatiza mwanafunzi anayeanza elimu ya madini. Katika elimu hiyo, madini ni kitu yabisi kilichojiumba chenyewe ardhini, chenye mchanganyiko maalumu wa kikemia, na ambacho chembe zake zimepangika kwa utaratibu ziitwao fuwele. Kwa maana hii, hata jiwe lisilo na bei sokoni ni mkusanyiko wa madini.

Mfano mzuri ni itale, yaani graniti, mwamba unaoonekana katika vilima vya Maragoli, magharibi mwa Kenya. Jiwe la itale likivunjwa huonyesha punje za aina tatu hasa: kwatsi, felspa na mika, ambayo Waswahili huiita ulanga. Mwanafunzi hushawishika kuzitenga kwa rangi. Lakini rangi ni shahidi asiyeaminika, kwani hubadilishwa na uchafu mdogo tu uliomo ndani ya fuwele. Kwatsi yaweza kuwa nyeupe, ya kijivu, ya waridi au ya zambarau. Felspa nayo yaweza kuwa nyeupe au ya waridi. Basi mtambuzi hatosheki na sura ya jiwe. Hutaka kujua hufanyaje likikwaruzwa au likigongwa.

Kukwaruza hupima ugumu. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kumi, kuanzia talki yenye daraja 1 hadi almasi yenye daraja 10. Lenye daraja la juu hulikwaruza lenye daraja la chini. Kisu cha chuma kina ugumu wa 5.5 hivi. Kwa hiyo kalsaiti, yenye daraja 3, hukwaruzika kwa kisu, ilhali kwatsi nyeupe inayofanana nayo, yenye daraja 7, haikwaruziki.

Hata hivyo, kisu hakiwezi kutenga kwatsi na felspa, ambayo ina daraja 6, kwa sababu zote mbili hukishinda. Hapa vitenzi viwili vya Kiswahili vyafaa sana. Ukuni hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Chungu huvunjika bila kufuata mstari wowote. Vivyo hivyo felspa hupasuka, ikaacha nyuso bapa zinazokutana kwa pembe ya karibu nyuzi 90. Kwatsi huvunjika, ikaacha nyuso zilizobonyea kama za kigae cha chupa nene. Sababu imo ndani ya fuwele. Katika felspa, chembe zimeshikana kwa udhaifu katika pande fulani. Katika kwatsi, zimeshikana kwa nguvu inayokaribia kuwa sawa kila upande. Ulanga hupasuka upande mmoja tu, ndiyo maana hubanduka kurasa kwa kurasa.

Ni kweli kwamba katika mazungumzo glasi iliyoingia ufa husemwa kuwa imepasuka. Lakini istilahi hudai mpaka ulio wazi zaidi. Yafaa mpasuko utengwe kwa tabia ya felspa, na mvunjiko kwa tabia ya kwatsi, pasipo kubadilishana.

Tahadhari hiyo yahusu majina pia. Neno ulanga likitumiwa kwa kila jiwe laini lenye kumetameta, talki nayo huingia humo. Ilhali ukurasa wa mika ukikunjwa kidogo na kuachiwa hurudi ulivyokuwa. Wa talki hubaki umekunjika. Mwanafunzi aliyepewa jina moja kwa vitu hivi viwili hatakuwa na sababu ya kufanya jaribio hilo. Kwa hiyo mtunga istilahi hana budi kulishika jiwe lenyewe mkononi kabla ya kulipa jina, na mwalimu aanze na vitenzi vya majaribio ndipo afikie majina.