Jino la mtoto limetoboka? Uliza kwanza kama linazibika

Mwaloni Nkome, wilayani Geita, nilimkuta dada mmoja akigeuza dagaa kwenye chanja. Mwanawe wa miaka saba alikuwa amekaa pembeni, kashika shavu. Alikuwa ameonja soda baridi na jino likamchoma. Nilipouliza watafanya nini, mama yake alijibu bila kusita: "Tunaenda kuling'oa, mdogo wangu. Si la utoto tu? Litaota jingine."

Mimi si daktari, lakini kuhesabu najua. Jino lenye tundu lilikuwa gego la nyuma kabisa, la sita ukianzia katikati ya mdomo. Hilo si la utoto. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno yote ya utoto, na halisubiri jino lolote ling'oke. Ndiyo maana wazazi wengi hatulitambui. Likitoka, limetoka, hakuna jingine linalolifuata.

Swali la kwanza kwa tabibu wa meno, basi, liwe kama jino linazibika. La pili ni kwamba litazibwa na nini.

Wengi tunajua ule ujazo wa rangi ya fedha walio nao wazazi wetu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na nusu nyingine ni fedha, bati na shaba. Ni zebaki ile ile ambayo huku kwetu wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu wakati wa kuchenjua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuchukua hatua ili ujazo huo usitumike kwa meno ya utoto, kwa watoto wa chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtaalamu aone kuna ulazima. Kama unao wa zamani na bado mzima, usikimbilie kuutoa. Kuuchimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi wa zebaki kuliko kuuacha.

Kwa mtoto, basi, zinabaki zaidi dawa za kuzibia zenye rangi ya jino. Kwa macho zinafanana, lakini ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ya kwanza huitwa kompositi. Ifikirie kama zege. Kuna gundi ya plastiki, ambayo mtafiti wa Marekani Rafael Bowen aliipatia hatimiliki mwaka 1962, na ndani yake kuna chembe ndogo sana za kioo zinazobeba nguvu, kama kokoto kwenye zege. Chembe hizo hupakwa kemikali inayozishikanisha na gundi. Uji huo haugandi mpaka umulikwe taa ya bluu kwa sekunde kadhaa, tabaka kwa tabaka la takriban milimita mbili. Ukiwekwa mnene, taa haifiki chini. Na unapoganda hunywea kidogo, kwa hiyo kazi ya haraka huacha ufa ambao uozo hupitia tena.

Kompositi ni imara na hupendeza, hasa meno ya mbele. Masharti yake ndiyo magumu: umeme wa taa, jino kupakwa asidi kwanza ili gundi ishike, na jino liwe kavu muda wote. Jaribu kukausha mdomo wa mtoto wa miaka mitano anayelia!

Ya pili ni saruji ya ayonoma, iliyobuniwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent na kutangazwa mapema miaka ya 1970. Ni unga wa kioo chenye floridi unaochanganywa na maji ya asidi laini. Vikikutana huganda vyenyewe kwa dakika chache, bila taa wala umeme, na hushikana na jino moja kwa moja. Kisha hutoa floridi kidogo kidogo pembeni mwa tundu. Udhaifu wake ni kwamba huchakaa mapema na huvunjika kirahisi zaidi kwenye tundu pana la kutafunia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Hapa Watanzania tuna haki ya kujivuna kidogo. Katikati ya miaka ya 1980, kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndipo ilipoanzia njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine, kisha kuziba. Baadaye saruji ya ayonoma ikawa ndiyo dawa yake kuu, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaiunga mkono. Leo inatumika sehemu nyingi za dunia. Mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi, na kwa mtoto hiyo ni nusu ya vita.

Kwa hiyo ukiambiwa "mashine hakuna, tung'oe tu", uliza kwa upole kama anaweza kuziba kwa mkono. Lakini jino likiuma lenyewe usiku bila kuguswa, au fizi ikivimba usaha, kuziba peke yake hakutoshi tena. Hapo ni kutibu mzizi au kung'oa, na usichelewe.

Ukitoka, uliza umewekewa ipi. Ya ayonoma, mtoto asitafunie upande huo kwa saa moja hivi. Kama alichomwa ganzi, mwangalie mpaka iishe, kwani watoto hutafuna midomo yao bila kujua.

Yule dada alinisikiliza, akageuza dagaa zake, kisha akamwita mwanawe. "Fungua tena mdomo." Akahesabu kwa kidole, polepole, mpaka la sita. Akahesabu na upande wa pili.

"Na huku limeanza weusi," akasema.